Viputo, mabondo na nyasi: Siri ya sauti chini ya bahari ya Mafia

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi hudhani kuwa chini ya bahari kuna ukimya. Dhana hiyo si sahihi. Katika maji yanayokizunguka Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, sauti husafiri usiku na mchana. Kamba wadogo hualisha magando yao, nyangumi huimba wapitapo katika msimu wao, na mashine za boti hunguruma kuelekea Kilindoni. Aidha, kwa miongo kadhaa mwambao wa Tanzania umesikia sauti nyingine isiyopendeza: milipuko ya baruti za wavuvi haramu.

Hata hivyo, sauti haipiti baharini kwa namna ileile kila mahali. Maji yamejaa vifuko vidogo vya hewa visivyohesabika. Viputo hutengenezwa na mawimbi yanayovunjika mwambani, samaki wana vibofu vya hewa matumboni, na majani ya nyasi bahari yana mirija iliyojaa gesi.

Kila kimoja cha vifuko hivyo huitikia sauti ya aina yake. Vinapokusanyika vingi mahali pamoja vinaweza kuichelewesha sauti, kuimeza au kuizuia kabisa isipite. Hilo ni tawi la fizikia linalochunguza jinsi mawimbi ya sauti yanavyopita katika maumbo yenye vitu vinavyojirudia, ambavyo kila kimoja kina mtetemo wake.

Elimu hiyo si ya maabara pekee. Ndiyo inayoeleza kwa nini baruti moja huua samaki wa aina fulani na kuwaacha wengine, jinsi watafiti walivyogundua kuwa papa potwe hawaondoki Mafia, na namna ya kuwakinga viumbe wa bahari dhidi ya kelele za ujenzi.

REZONETA NI NINI?

Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni kuchukua chupa tupu ya soda na kupuliza hewa juu ya mdomo wake. Chupa hutoa mvumo wa sauti moja tu. Ukiitia maji hadi nusu, mvumo huo huwa mwembamba zaidi, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ni kidogo.

Kinachotokea ni kwamba hewa iliyo shingoni mwa chupa huwa kama mzigo, na ile iliyo tumboni huwa kama springi. Mzigo husukumwa ndani, springi huurudisha nje, na mchezo huo hurudiwa mara mamia kwa sekunde. Mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alivichunguza vyombo vya namna hiyo katika karne ya 19 na kuvieleza katika kitabu chake cha mwaka 1863.

Chombo chochote chenye mtetemo wake mahususi, kinachoitikia kwa nguvu pale tu sauti inapolingana na mtetemo huo, huitwa rezoneta. Ni sawa na bembea ya mtoto. Ukiisukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, itapaa juu. Ukiisukuma ovyo, utachoka bure.

Waafrika waliijua kanuni hii kwa vitendo kabla ya kuandikwa vitabuni. Wachopi wa Msumbiji hutengeneza timbila, aina ya marimba ambayo kila ubao umefungiwa kibuyu chake chini. Kila kibuyu huchaguliwa kwa ukubwa unaolingana na sauti ya ubao huo. Sanaa hiyo ilitambuliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) mwaka 2005.

KIPUTO KINAVYOLIA

Baharini, rezoneta iliyo nyepesi kupatikana kuliko zote ni kiputo cha hewa. Mwaka 1933, mwanasayansi Marcel Minnaert, mzaliwa wa Ubelgiji aliyefanya kazi mjini Utrecht, Uholanzi, alionyesha kwamba sauti ya maji yanayotiririka hutokana na kutetemeka kwa viputo.

Katika kiputo, springi ni hewa iliyo ndani na mzigo ni maji yanayokizunguka. Kwa kuwa maji ni mazito sana kulinganisha na hewa, hata kiputo kidogo hutoa mlio mzito kuliko umbo lake linavyoashiria.

Kanuni ya Minnaert ni nyepesi. Kiputo chenye nusukipenyo cha milimita 1, kilicho karibu na uso wa maji, hutetemeka takriban mara 3,260 kwa sekunde, yaani hezi 3,260. Kiputo chenye ukubwa mara mbili hutetemeka nusu ya idadi hiyo. Kwa ufupi, kiputo kikikua, mlio hushuka.

Kina cha maji nacho kina nafasi yake. Mita 10 chini ya bahari mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu, na mitetemo ya kiputo cha ukubwa uleule huongezeka kwa takriban mara 1.4. Katika kina cha mita 30, ambako mgandamizo ni mara nne, mitetemo huongezeka mara mbili.

Jambo la kustaajabisha ni tofauti ya ukubwa. Sauti husafiri baharini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kwa hiyo wimbi la sauti ya hezi 3,260 lina urefu wa karibu nusu mita. Kiputo kisichozidi punje ya uwele kinaweza kulishika na kulitikisa wimbi lililokizidi kwa mamia ya mara.

Mtu yeyote anaweza kuona nguvu ya viputo jikoni kwake. Akoroge kahawa ya unga katika kikombe cha maji ya moto, kisha agongegonge kitako cha kikombe kwa kijiko. Mlio huanza ukiwa mzito, halafu hupanda taratibu kadiri viputo vinavyopanda na kupasuka. Mwanafizikia wa Marekani, Frank Crawford, alilieleza jambo hilo kitaalamu mwaka 1982.

VIKIWA VINGI, MAMBO HUBADILIKA

Kiputo kimoja ni rezoneta. Viputo elfu moja vilivyopangana ni kitu kingine kabisa, kwani sauti inayopita hukutana na kimoja baada ya kingine na kila kimoja huacha alama yake.

Mwanafizikia wa Uingereza, Albert Wood, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1930 jinsi hewa kidogo inavyobadili kasi ya sauti majini. Maji yakiwa na hewa ya asilimia 1 tu ya ujazo wake, sauti nzito hupita ndani yake kwa kasi iliyo chini ya mita 150 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya nusu ya kasi ya sauti hewani, ingawa maji matupu na hewa tupu vyote viwili huipitisha sauti kwa kasi kubwa zaidi.

Sababu yake ni kwamba mchanganyiko huo hurithi uzito wa maji na ulaini wa hewa. Kitu kizito kilicho laini hakipitishi sauti kwa haraka.

Lakini kasi si habari yote. Wataalamu hugawa tabia ya maji yenye viputo katika sehemu tatu, kulingana na idadi ya mitetemo ya sauti inayopita.

Sehemu ya kwanza ni ya sauti nzito, zilizo chini ya mtetemo wa asili wa viputo. Hapo viputo hutii: mgandamizo ukipanda, husinyaa; ukishuka, hutanuka. Sauti hupita, ila polepole.

Sehemu ya pili huanza pale sauti inapofikia na kuupita kidogo mtetemo wa viputo. Viputo huchelewa na kuanza kwenda kinyume. Wimbi linapovisukuma visinyae, vyenyewe ndiyo kwanza vinatanuka. Wimbi hukosa njia ya kusonga mbele, nalo hurudishwa lilikotoka au hugeuka kuwa joto. Eneo hilo huitwa ukanda uliofungwa.

Sehemu ya tatu ni ya sauti nyembamba sana. Hizo hutetemeka haraka mno kiasi kwamba viputo haviwezi kuzifuata. Hubaki kama vimesimama, na sauti hupita karibu kama vile havipo.

Hivyo, ukuta wa viputo hauzuii kila sauti. Ni kama mlango wenye bawabu anayewajua watu kwa sura: huruhusu baadhi na kuwakatalia wengine.

NJIA MBILI ZA KUFUNGA SAUTI

Ni muhimu kutofautisha njia mbili ambazo mpangilio unaojirudia huweza kuzuia sauti.

Njia ya kwanza hutegemea nafasi iliyopo kati ya kitu na kitu. Mjini Madrid, Hispania, kuna sanamu ya msanii Eusebio Sempere iliyotengenezwa kwa mabomba mengi ya chuma yaliyosimamishwa kwa umbali wa sentimita 10 kutoka bomba hadi bomba. Mwaka 1995, watafiti wa Hispania walitangaza kwamba sanamu hiyo hupunguza sana sauti ya hezi 1,670.

Hesabu yake inaeleweka. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa takriban sentimita 20, yaani mara mbili ya nafasi kati ya mabomba. Mwangwi unaorudi kutoka kila mstari wa mabomba hukutana na mwenzake kwa wakati mmoja, hujumlishana, na sauti hurudishwa nyuma.

Tatizo la njia hiyo ni ukubwa. Sauti ya hezi 100 baharini ina wimbi lenye urefu wa mita 15. Kuizuia kwa mtindo wa sanamu ya Sempere kungehitaji nguzo zilizoachana kwa zaidi ya mita saba, mistari kwa mistari.

Njia ya pili hutumia rezoneta. Mwaka 2000, watafiti wa Hong Kong wakiongozwa na Ping Sheng walichapisha matokeo ya jaribio ambalo sasa ni maarufu. Walichukua vijitufe vya risasi vya sentimita 1, wakavivika mpira wa silikoni, kisha wakavipanga ndani ya gundi ngumu ya epoksi.

Kipande hicho kilizuia sauti nzito za karibu hezi 400 ingawa kilikuwa chembamba mara nyingi kuliko urefu wa mawimbi yake. Kilichofanya kazi hapo si nafasi baina ya vijitufe, bali mtetemo wa kila kijitufe ndani ya koti lake la mpira.

Mwaka 2009, Valentin Leroy na wenzake mjini Paris, Ufaransa, walifanya jambo linalofanana na hilo kwa kupanga viputo kwa mistari ndani ya mpira laini. Nao waliona sauti ikizuiwa katika ukanda mpana. Faida ya kuvifungia viputo ndani ya mpira ni kwamba havipandi juu wala havibadiliki ukubwa ovyo, kama inavyotokea majini.

MABONDO YA SAMAKI

Baharini viputo havitokani na mawimbi pekee. Samaki wengi wa mifupa wana kifuko cha hewa kinachowasaidia kuelea bila kutumia nguvu. Wafanyabiashara wa sangara wa Ziwa Victoria hukiita bondo, nacho huuzwa kwa bei kubwa nje ya nchi.

Kwa mwanafizikia, bondo ni kiputo kikubwa kilichovikwa nyama. Kina mtetemo wake, ambao kwa samaki wengi huwa kati ya mamia na maelfu ya hezi kutegemea ukubwa wa samaki na kina alichopo. Kundi la samaki ni safu ya rezoneta zinazoogelea.

Ukweli huo uligunduliwa kwa njia ya mzunguko. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakifanya majaribio ya sauti majini karibu na pwani ya California waliona tabaka la ajabu katikati ya maji lililorudisha mwangwi kama kwamba ni sakafu ya bahari. Usiku tabaka lilipanda, mchana lilishuka.

Baadaye ilidhihirika kuwa tabaka hilo ni viumbe hai, wakiwamo samaki wadogo wenye vifuko vya hewa, wanaopanda usiku kutafuta chakula. Katika miaka ya 1960, mtafiti wa Uingereza, David Weston, naye alionyesha kwamba makundi ya samaki jamii ya dagaa katika Ghuba ya Bristol yalimeza sauti za masafa fulani. Kiasi kilichomezwa kilitofautiana kati ya mchana, samaki wakiwa wamekusanyika, na usiku, wakiwa wametawanyika.

Si viumbe wote wa bahari walio na kifuko hicho. Papa na taa hawana. Pweza na ngisi hawana. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na kivutio kikuu cha watalii wanaofika Mafia, hana. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani afe na nani apone baruti inapolipuka.

BARUTI NA MATUMBAWE

Uvuvi wa baruti umeripotiwa nchini tangu miaka ya 1960. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inaupiga marufuku. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye eneo la kilomita za mraba 822, marufuku hiyo huongezewa nguvu na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya mwaka 1994.

Mlipuko wa baruti majini hutoa wimbi kali la mgandamizo. Linapomfikia samaki mwenye kifuko cha hewa, kifuko husinyaa ghafla. Muda mfupi baadaye hufika wimbi lililogonga uso wa bahari na kurudi, ambalo limegeuka kutoka kusukuma na kuwa kuvuta. Kifuko hutanuka kupita kiasi na kupasuka, kikijeruhi ini, figo na mishipa ya damu.

Kwa sababu hiyo, waathirika wakubwa ni samaki kama mbono na changu, ambao ndio riziki ya wavuvi wa kawaida. Na kwa kuwa aliyepasuka kifuko hawezi kuelea, wengi huzama. Anayelipua huokota sehemu tu ya aliowaua.

Matumbawe nayo hayasalimiki. Watafiti wa Ufilipino, Angel Alcala na Edgardo Gomez, waliandika mwaka 1987 kwamba bomu la ukubwa wa chupa linalolipuka karibu na sakafu ya bahari huvunjavunja matumbawe yote yaliyo umbali wa zaidi ya mita moja kila upande. Kilichojengwa kwa miaka mingi huwa kifusi kwa sekunde moja.

Lakini sauti hiyohiyo inayoua pia humsaliti mhalifu. Katika sekunde 10 mlio wa bomu husafiri kilomita 15 majini. Mwezi Machi na Aprili mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Gill Braulik walisafiri kwa chombo kando ya pwani ya Tanzania wakiburuta maikrofoni za majini. Katika siku 31 walithibitisha milipuko 318.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa karibu asilimia 62 ya milipuko hiyo ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Mafia iko nje ya duara hilo, ingawa milipuko ilisikika katika sehemu nyingi za mwambao. Kwa mara ya kwanza mamlaka zilipata ramani ya uhalifu uliokuwa ukisikika lakini hauonekani.

Kazi ya kusikiliza hivyo hutegemea fizikia iliyoelezwa hapo juu. Mlipuko ni mchanganyiko wa sauti nzito na nyembamba. Zikipita katika kundi la samaki au katika povu la mwambani, baadhi humezwa na nyingine hupenya. Mlio wa bomu unaofika mbali hauwi tena na sura ile uliyokuwa nayo karibu, na mashine ya kuutambua haina budi kufundishwa hivyo.

POTWE NA VITOA SAUTI

Sauti imetumika Mafia kwa jambo la kheri pia. Kwa miaka mingi ilifahamika kwamba papa potwe huonekana mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, kisha hutoweka. Wengi waliamini kuwa huhama kwenda bahari za mbali.

Watafiti waliwafunga potwe vitoa sauti vidogo na kuweka vipokezi chini ya maji. Kila potwe alipopita karibu na kipokezi, namba yake iliandikwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 na Fernando Cagua na wenzake yalibainisha kwamba wengi wao hawakuondoka. Walikuwapo mwaka mzima, ila nje ya msimu walisogea mbali kidogo na ufuko na kukaa chini zaidi, mahali ambapo macho ya watu hayafiki.

Ugunduzi huo una uzito. Mwaka uliofuata, 2016, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimworodhesha papa potwe kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Kama wapo Mafia miezi yote 12, basi nyavu, boti na kelele huwakuta miezi yote 12, na ulinzi wa msimu wa utalii pekee hautoshi.

Hapa tena viputo vina neno lao. Vitoa sauti vingi vya aina hii ulimwenguni hulia kwa karibu hezi 69,000, sauti ambayo sikio la mwanadamu haliisikii. Kwa kanuni ya Minnaert, viputo vinavyolingana nayo vina upana wa karibu moja ya kumi ya milimita. Viputo vidogo namna hiyo hubaki majini kwa muda baada ya mawimbi kuvunjika, na siku ya upepo mkali huweza kuumeza mlio kabla haujafika kwenye kipokezi.

Kelele za kamba nazo huwasumbua wasikilizaji. Mwaka 2000, Michel Versluis na wenzake walithibitisha kuwa mlio wa kamba mwenye gando kubwa hautokani na gando kugongana, bali na kiputo kinachozaliwa gando linapofunga kwa kasi, kisha kinaporomoka. Kwa maneno mengine, hata kelele ya mwambani ni kazi ya viputo.

NYASI BAHARI ZENYE PUMZI

Maji ya kina kifupi ya Mafia, ikiwamo Ghuba ya Chole, yana malisho mapana ya nyasi bahari. Humo hukua samaki wachanga na hulisha kasa. Eneo la bahari kati ya Mafia na delta ya Rufiji ndilo lililobaki kuwa kimbilio la nguva wachache wa Tanzania.

Majani ya nyasi hizo yana mirija ya gesi inayosafirisha hewa hadi mizizini. Jua likiwaka, majani hutengeneza oksijeni, na inapozidi hutoka kwa viputo vidogo. Malisho hayo huwa msitu wa rezoneta zilizosimama bega kwa bega.

Mwaka 1999, majaribio yaliyofanywa na Jean-Pierre Hermand karibu na kisiwa cha Ustica, Italia, yalionyesha kuwa sauti inayopita juu ya nyasi hizo hubadilika kati ya usiku na mchana kulingana na oksijeni inayotolewa. Mwaka 2009, Preston Wilson na Kenneth Dunton wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha vipimo vya maabara kuhusu jinsi majani ya nyasi bahari yanavyobadili mwendo wa sauti.

Faida yake ni kwamba afya ya nyasi inaweza kupimwa kwa kuzisikiliza, bila kuzing'oa. Hasara ni kwamba chombo cha kusikilizia kilichowekwa upande wa pili wa malisho kinaweza kuwa kiziwi saa sita mchana na kusikia vizuri usiku.

PAZIA LA VIPUTO

Elimu ya rezoneta imezaa zana ya kuwakinga viumbe wa bahari. Katika Bahari ya Kaskazini, makampuni yanayosimika nguzo za mitambo ya umeme wa upepo hutandaza bomba lenye matundu kuzunguka eneo la kazi na kusukuma hewa ndani yake. Pazia la viputo hupanda kutoka sakafuni hadi juu na kupunguza kelele za nyundo.

Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160, kipimo cha majini, katika umbali wa mita 750 kutoka nguzo inapogongwa, hasa kwa ajili ya kuwalinda pomboo wadogo wa huko. Pazia la viputo ni mojawapo ya njia zinazotumika kutimiza sharti hilo.

Hata hivyo, pazia hilo lina kasoro. Kelele za nyundo ni nzito, nyingi zikiwa chini ya hezi 1,000. Ili kuitikia sauti ya hezi 100 karibu na uso wa maji, kiputo kinatakiwa kiwe na nusukipenyo cha zaidi ya sentimita 3, na katika kina cha mita 30 kizidi sentimita 6. Viputo vikubwa namna hiyo havidumu vikiachwa huru. Hupasuka na kuwa vidogo. Isitoshe, mkondo wa maji huvipeperusha.

Ndiyo maana Kevin Lee, Mark Wochner na Preston Wilson, nao wa Chuo Kikuu cha Texas, walibuni njia ya kuning'iniza safu za vifuko vya hewa vilivyotengenezwa kwa ukubwa maalumu. Kila kifuko ni rezoneta iliyopimwa, na safu nzima huzuia sauti nzito bila kuhitaji mashine ya kusukuma hewa muda wote.

Kwa mazingira ya Mafia, tofauti hiyo si ndogo. Maji ya Ghuba ya Chole huingia na kutoka kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi kila yanapojaa na kupwa. Pazia la viputo huru lingesombwa kama moshi katika upepo, ilhali vifuko vilivyofungwa hubaki mahali pake.

KWA NINI JAMBO HILI LIJULIKANE

Bahari ya kusini mwa Tanzania haiko tena mbali na viwanda. Gesi ya Songo Songo, kusini mwa Mafia, imekuwa ikisafirishwa kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Utafutaji wa gesi, ujenzi wa magati na ongezeko la vyombo vya usafiri vyote huleta sauti majini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004 inaitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Tathmini inayotazama udongo, maji na miti huku ikiisahau sauti huwa imeacha nje kitu kinachosafiri mbali zaidi kuliko vumbi na mafuta.

Maswali ya kuulizwa si mengi. Kelele hiyo ni ya masafa gani? Itafika umbali gani? Ni samaki wa aina gani walio njiani, na vifuko vyao vya hewa vina ukubwa gani? Je, kazi inaweza kufanyika katika miezi ambayo viumbe wachache hupita, na kama haiwezekani, ni kizuizi gani kitakachowekwa?

Majibu yake yanaweza kukokotolewa, kwani kanuni zake zimejulikana tangu mwaka 1933. Anayepaswa kuyadai ni mwananchi anayekula samaki wa soko la Feri sawasawa na mvuvi wa Jibondo anayewavua.